Mama Mkwe Asiyejua Kiswahili

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika kazini nikakuta watu wamesimama kwenye korido, mikono kifuani, kama wamefungiwa nje. Hakuna aliyenisalimia. Karani wa masijala akanivaa: Fundi, umetufanyia nini? Mimi! Mimi niliyeshinda nyumbani jana nafua.

Ni apdeti ya kompyuta. Imejishusha yenyewe wikiendi, imejipakia yenyewe, na leo kila kioo kinaandika Tafadhali usizime kompyuta, kaduara kakizunguka. Zilizowaka zinatambaa. Printa ya juu haitambui mtu. Karani kabonyeza Chapisha kwa hasira, tena na tena, na mchana printa ilipozinduka ikatema barua ileile mpaka karatasi zikaisha.

Kinanda, mwandishi wetu, peke yake hakulalamika. Nilimkuta amekaa wima, vidole juu ya kibodi, kimya. Kinanda haoni tangu utotoni. Ofisi yetu hugeuza rekodi za vikao kuwa maandishi, na kwa kasi hakuna anayemkaribia — ndiyo asili ya jina. Anasikiliza, anaandika, kisha kompyuta inamsomea alichoandika ili asahihishe. Sauti inayomsomea tunaiita Mama Mkwe, kwa sababu haipumziki na haijibiki. Ni sauti ya lugha ya watu wa mbali. Kiswahili haijui hata cha kuombea maji. Kinanda alipoanza kazi hapakuwa na sauti ya Kiswahili, akachukua hiyo. "Chakula" inasema kakula. "Hoja" inasema oya. Siku hizi ofisi nzima tunaongea hivyo — naomba kutoa oya!

"Mama Mkwe kaondoka," akaniambia. "Hata kuaga hakuaga."

Mahali pake apdeti imeweka sauti mpya, ya Kiswahili safi. Tamu, haina haraka. Watu wakajaa mlangoni kuisikiliza. Karani akasema hongera, umeletewa bi harusi! Kinanda akacheka, na mimi nikacheka. Angalau yupo mmoja aliyefaidika.

Jumanne, 4 Machi

Siku nzuri! Nimegundua kinachozivuta mguu kompyuta. Apdeti imeacha mfumo wa zamani ndani ya kila diski, mzigo mzima, eti mtu akitaka kurudi nyuma. Nani arudi nyuma? Nimefuta. Chumba hadi chumba, mashine hadi mashine, nikamalizia na ya Kinanda. Zimepumua. Karani, yule yule wa jana, kanipigia makofi. Mkuu wetu mpya kapita akasema kumbe mambo yanawezekana. Nikajiona mimi ndiye mimi.

Halafu Mkuu akatukusanya. Makao makuu wanataka kupunguza waandishi. Jumatatu ijayo kila mwandishi atapewa rekodi moja, na atakayeshindwa atahamishwa. Nafasi ya Kinanda imeshatajwa mapema: mapokezi, kukaribisha wageni. Hata jaribio halijafanywa.

Kinanda kasema yeye atabasamie mlango siku nzima, ajuaje kama kuna mtu au upepo? Tukacheka sana. Yeye mwenyewe aliacha kucheka kabla yetu.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya Kinanda imerudishwa na makosa. Ya Kinanda! Mhakiki kaileta mwenyewe, kaiweka mezani polepole kama anarudisha sahani ya mgonjwa ambaye hakula.

Nilidhani ni ugeni tu, atazoea. Akaniambia niketi. Akaandika neno moja, akaniuliza limeandikwaje. Mwenyekti. Herufi moja imeruka. Kisha akamwamuru Bi Harusi asome. Bi Harusi akasoma, kwa sauti yake ya asali: mwenyekiti.

"Umesikia?" akasema. "Amenisahihishia mdomoni, kwenye karatasi kosa limebaki. Mama Mkwe angejikwaa hapo, ningejua. Yule alikuwa haelewi neno hata moja, Fundi, kwa hiyo hakuweza kunidanganya. Huyu anaelewa mno."

Mimi niliona sauti nzuri imekuja mahali pa sauti mbaya. Kumbe alikuwa na chombo cha kupimia, nacho kimechukuliwa akawekewa cha kubembelezea.

Nimemwahidi nitamrudisha Mama Mkwe. Nikamwambia ni jambo dogo, kesho asubuhi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika mapema, nikafungua mipangilio, nikatafuta Rudi kwenye toleo lililopita. Ipo. Imefifia, haibonyezeki. Nikakaa nikiitazama — halafu nikakumbuka Jumanne. Ule mzigo niliofuta. Ndio uliokuwa njia ya kurudi. Nimeifagia mwenyewe, kwa mbwembwe, na makofi nikapokea.

Nimehangaika na njia nyingine mpaka mchana. Kumpakia Mama Mkwe upya: mfumo mpya unamkataa, unasema hawaoani. Kupunguza adabu za Bi Harusi: hakuna kitufe cha hivyo. Nimemlazimisha aende mbio, akawa anameza silabi.

Nilimwambia Kinanda ukweli wote. Kisha akasema, "Basi angalau mashine ina kasi." Angenitukana ningepata nafuu.

Nimerudi nyumbani, Mama ananisubiri na simu mkononi. Na yake imejisasisha! Kitufe cha kunipigia kimehama. Nikamwonyesha: si hiki hapa, Mama, kina jina langu. Akasema yeye hakuwahi kusoma jina, alikuwa anajua kona tu. "Hao watu hawana hodi? Mtu anaingia jikoni kwangu, anapanga sufuria anavyotaka yeye, halafu anataka nimshukuru!" Nikamrudishia kitufe konani. Kwake ilikuwa rahisi hivyo.

Nimekula kidogo. Naona aibu, na aibu hii haina wa kumsukumia.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mkuu kuomba Kinanda asogezewe siku. Nilijiandaa kugombana. Hakunipa nafasi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema makao makuu wanataka majina, hawataki maelezo. Kuhusu mashine — achague yoyote siku ya jaribio, lakini ajue mwezi ujao isiyosasishwa haitaunganishwa na mtandao wa ofisi. Nikatafuta pa kumshika katika maneno hayo, sikupaona. Nilitoka nimekasirika kwa sababu ana haki.

Mchana nikakumbuka stoo! Nyuma ya viti vilivyovunjika kuna kompyuta ya mama mmoja mchapaji aliyestaafu. Nimeipangusa, nikaiwasha bila kuigusisha waya wa intaneti. Ikaguna, ikafikiri, ikawaka. Nikachungulia sauti zake nikamkuta — Mama Mkwe, mzima! Nikafungua faili la kwanza nililoliona, akalisoma. Wayumbe wote waliuduria. Nilicheka peke yangu stoo mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Halafu nikataka kuizima nimpelekee Kinanda. Neno Zima halipo. Lipo Sasisha kisha zima, basi. Kumbe apdeti ilishajishusha tangu enzi za yule mama, imekaa ndani inasubiri mtu abonyeze. Nichomoe waya? Diski inakoroma kama mzee mwenye pumu, ikikatwa ghafla inaweza isiamke tena.

Kwa hiyo haizimwi. Tumeibeba inawaka, mimi na mlinzi, na betri yake ya akiba, hatua kwa hatua kama tumebeba sufuria ya uji wa moto. Nimebandika karatasi juu yake: USIZIME. USIGUSE. HATA KUFUTA VUMBI.

Kinanda alipomsikia aliweka kiganja juu ya mashine akakiacha hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Ofisi tupu, mimi na yeye. Nilidhani atataka kumtumia Mama Mkwe tu, siku nzima, kama mtu aliyerudishiwa miguu yake. Ndivyo alivyoanza. Vidole vikapaa! Nikamwacha nikaenda kurekebisha printa ya juu.

Niliporudi alikuwa ameacha kuandika. Kaniuliza: hii itadumu? Nikamwambia umeme ukikatika kwa muda mrefu, imekwisha. Diski ikichoka, imekwisha. Na mwezi ujao Mkuu haitaki. Sikumpamba kwa maneno, nimejifunza Jumatano.

Akafikiri. Akasema nimpe vispika viwili vya masikioni, kimoja kutoka kila mashine. Kushoto Mama Mkwe, kulia Bi Harusi. Faili moja, lenye makosa niliyoyapanda mimi, lisomwe pande zote mbili kwa pamoja. Nikamwambia utaumwa kichwa. Akasema mkwe na mke wakiongea pamoja, mwanaume anakaa kimya anajifunza.

Basi tukaanza. Wa kushoto anajikwaa, wa kulia anateleza. Mwanzoni alikuwa anakunja uso, anasimamisha, anarudia. Baadaye akaniambia kuna kitu. Bi Harusi anapopita juu ya kosa anavuta pumzi — kidogo sana, kama mtu anayeficha jambo. Nikasikiliza. Sikusikia chochote. Akarudia, sikusikia tena. "Ipo," akasema. "Hajui kudanganya vizuri bado."

Mara anaipata, mara inampita. Mara nyingi inampita. Jua lilipoanza kushuka nikamwambia inatosha. Akasema mara moja tu. Ikawa si moja.

Jumapili, 9 Machi

Sijafanya kitu. Mama kanipigia kutoka chumba cha pili ili kuhakikisha kona yake bado ipo. Nilipokea, tukaongea kama watu walio mbali.

Umeme umekonyeza jioni. Roho ikanipaa mpaka ofisini.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa, nimejibanza kwenye meza ya pembeni, najifanya nakagua nyaya. Siwezi kukaa bila kufanya kitu na mikono hii.

Mashine ya zamani iko hai. Niliipapasa kabla sijavua koti. Karatasi yangu ipo, ila mtu kaongeza kwa kalamu: HATA KUIKOHOLEA. Mwandiko wa karani. Mungu ambariki, ingawa ya Jumatatu ile sijamsamehe.

Wengine wamekwisha kupimwa. Kinanda ni wa mwisho. Kibodi mbili mbele yake, kispika kimoja kila sikio. Nilimnong'oneza: leo tumia Mama Mkwe, upite, ya mwezi ujao tutayajua mwezi ujao. Nikamwambia nitatafuta mashine nyingine, nitatafuta stoo za watu wote. Akasema nisimhurumie kwa sauti, Mama Mkwe anasikia. Nilitaka kucheka ikashindikana. Naogopa. Nikimwona pale mapokezi akitabasamia mlango, nitapita mlango gani mimi?

Mkuu ameingia. Kaweka rekodi mezani, kamsalimia kwa heshima, kamwuliza yuko tayari na atatumia mashine ipi.

Kinanda anageuza kichwa kidogo huku, kidogo kule — anawasikiliza wote wawili. Sasa ameinua mkono. Anatoa kispika kimoja, anakilaza mezani taratibu kama kitu kinachovunjika.

Amekaa kanipa mgongo. Na Mkuu kasimama katikati. Kutoka hapa nilipo sioni katoa cha upande gani, ila vidole vimeshaanza kuandika.