Jina Ulilolitaja Kwanza

Mama,

Devota ndiye msimamizi wangu sasa. Nimeanza na yeye kwa sababu nakujua. Ningeanza na habari za nyumba, au za kaka Maganga na wanawe, ungenikatiza uniulize, "Na Devota?" Basi hajambo. Alimaliza shahada yake, akaajiriwa hapa hapa Tabora, na mimi nimeletwa fildi kwenye hospitali hiyo hiyo, idara hiyo hiyo, na kila jioni yeye ndiye anayeniambia kama nimefanya vizuri au nimeharibu. Ana koti jeupe lenye jina lake kifuani. Langu halina jina, la kuazima.

Ndiyo, Mama, nasoma. Nasoma kile kile alichokuwa anasoma yeye alipokuja kwetu, tiba kwa vitendo. Nikiwaambia watu wa mtaani kwetu Isevya wananiuliza ndiyo nini hiyo, nami nawaeleza kama alivyotueleza yeye siku ile amekaa kwenye kigoda chetu: mtu akipata kiharusi, au akiumia mkono, au mtoto akizaliwa na viungo vizito, tunamfundisha tena mambo yake ya kila siku. Kuvaa, kula, kuoga, kazi yake aliyoizoea. Naeleza kwa maneno yake yeye, sina mengine. Hilo nalo linaniuma.

Ulipoanguka pale uani, mkono na mguu wa kulia vikalegea na maneno yakakukimbia, matokeo yangu ya kidato cha sita yalikuwa yametoka karibuni tu. Watu walisema nitafika mbali. Sikwenda popote, na hakuna aliyenilazimisha kubaki. Nilikuogesha, nikakuvalisha, nikakulisha uji. Nilijua ukikunja uso kwa kiu na ukikunja kwa hasira. Wanajumuiya wakija kusali walikuwa wananiambia, "Kalunde, Mungu atakulipa," na mimi nasema moyoni nimeshalipwa. Maana tangu utotoni nilikuwa nakugawana, Mama. Nilikugawana na Maganga, na kwaya, na wateja wako wa michembe, vile viazi vyako vya kukausha, kule sokoni, waliokujua kwa jina na kukuchekesha mpaka ukasahau kunitafuta. Sasa ulikuwa wangu peke yangu. Ndivyo nilivyofikiri.

Ndipo akaja yeye. Msichana mwembamba wa Ulyankulu, umri wangu, mwanafunzi wa chuo, ametumwa na hospitali kutembelea wagonjwa majumbani. Alikuamkia, akavuta kigoda, akakaa uso kwa uso na wewe. "Mama, kazi gani ulikuwa unaipenda?"

Nikamjibu mimi. "Haongei."

Akasema bila kugeuka, "Nimemuuliza mama."

Na wewe ukainua mkono wa kushoto, ukaonyesha vile viazi vitamu kwenye pembe ya uani. Mwaka mzima nilikuwa napita karibu na viazi vile.

Aliporudi alikuja na kipande cha ubao alichokipigilia misumari kwa chini ili ncha zichomoze juu. Akachomeka kiazi, kikatulia. Akakupa kisu mkono wa kushoto, akauchukua ule wa kulia akauweka kwenye ukingo wa ubao uwe unazuia. Ukaanza kumenya. Maganda yalikuwa manene, nusu ya kiazi ilikuwa inaondoka nayo, na jasho lilikutoka. Nikanyoosha mkono nikusaidie.

"Mwache, dada," akasema. "Mwache afanye mwenyewe."

Na wewe, Mama, ukanisukuma kwa bega.

Niliingia ndani nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Kutoka kule nilikusikia unacheka. Kile kicheko cha sokoni, cha tumboni, ambacho nilidhani kimekufa pamoja na mkono. Mimi nilikuwa nimekisubiri muda wote ule, na yeye alikuwa na siku mbili tu kwetu.

Nadhani ungenisamehe wivu kama ungeishia hapo. Lakini kulikuwa na ile asubuhi. Jirani yetu Bi Zuhura alikuwa amekaa nawe kwenye mkeka, mimi nimeshika beseni, bodaboda ikasimama nje ya ua, ukasema, "Devota."

Wazi kabisa, kama mtu mzima. Baada ya "aa" na "tata" za mwaka mzima. Bi Zuhura akapiga kigelegele mpaka kuku wakatawanyika. Devota akaingia mbio, akakukumbatia, mnacheka, mnalia. Mimi nilisubiri aondoke. Kisha nikapiga magoti mbele yako nikasema, "Mama, sema Kalunde." Ukanitazama sana. Niliona ulivyokuwa unalitafuta, shingo imekukakamaa, midomo inahangaika. Ukafungua kinywa likatoka lile lile. "Devota." Ukajipiga paja kwa hasira, machozi yakakutoka. Nikakufuta nikakuambia si kitu.

Ilikuwa kitu, Mama. Mpaka kiharusi cha pili kilipokuja na masika na kukuchukua, hukuwahi kulitaja jina langu.

Tulikuzika Bukene, kwa watu wako. Devota alikuja, hakuna aliyempelekea gari, alipanda mwenyewe akafika amejaa vumbi. Pale kaburini alilia kwa sauti. Shangazi zangu wakamkimbilia, wakamfunika khanga, wakamkalisha kivulini wakampepea. Mama mmoja, jirani wa kule, akaniuliza kwa upole, "Huyu ni mwanawe wa ngapi?" Mimi nilikuwa nimesimama, macho makavu, nahesabu kama sahani zitatosha waombolezaji. Mimi hakuna aliyenifunika khanga.

Tulipoanua matanga nilimwambia Maganga nataka kwenda chuo kusoma anachosoma Devota. Akaacha kula. "Kufundisha watu kuvaa shati? Kwa shahada nzima?" Lakini ndiye aliyenibebea begi mpaka stesheni, na behewa lilipoanza kujivuta alitembea nalo pembeni akinyooshea kidole kichwa chake, yaani nitumie akili.

Siku za kwanza chuoni walituuliza mmoja mmoja kwa nini tumechagua masomo haya. Nikasema nilimuuguza mama yangu. Wenzangu wakapiga makofi. Sikuwaambia kwamba nilitaka kujua yule msichana alikuwa na nini ambacho mimi sikuwa nacho, nikipate, na nikishakipata nimpite.

Masomo ni magumu. Tunasoma mifupa, neva, misuli ya kiganja ambayo sikujua kama iko mingi hivyo, namna mtoto anavyojifunza kushika, namna akili inavyougua. Kuna siku walitufunga mkono tunaoutegemea, tushinde hivyo. Mimi walinifunga wa kulia. Nilishindana na vifungo vya blauzi bwenini mpaka nikalia, mwenzangu wa chumba akadhani wamekaza kitambaa sana. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimetambua kwamba Devota naye alifungwa hivi hivi akiwa mwaka wa kwanza. Kwamba alikuwa amekwisha kaa ndani ya mkono wako kabla hata hajakuona, na mimi niliyetoka tumboni mwako sikuwahi.

Nilimuuliza pia mwalimu wetu habari ya jina. Nilijifanya ni la mgonjwa fulani. Akasema maneno baada ya kiharusi hayachagui kwa upendo, hutoka lile lililopata njia, na mara nyingine likishatoka linaziba njia ya mengine. Nikamshukuru. Nilipofika kitandani nilikuwa bado nauliza kwa nini langu lisipate njia.

Sasa nikueleze ya wiki hii, ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Tuna mgonjwa kutoka Ziba, Mama Shija, mfugaji. Kiharusi, upande wa kushoto. Anasema vizuri, ila alikuwa hataki mazoezi. Kukunja taulo hataki, kupanga vibao hataki. "Mimi si mtoto," alikuwa anatuambia, na kugeukia ukutani. Devota akanikabidhi. Sijui kama alinipa kwa kuniamini au kunijaribu.

Asubuhi moja nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," akaitikia, nikamuuliza ng'ombe wake wanaitwaje. Akageuka. Akawataja wote, mmoja baada ya mwingine, na tabia zao. Basi nikachukua glavu ya mpira, nikaijaza maji, nikaifunga juu, nikaining'iniza kwenye mti wa dripu, nikatoboa vidole kwa sindano. Nikaweka bakuli chini.

Akaitazama glavu, akanitazama mimi. "We binti una wazimu," akasema. Akasogea. Akashika kidole cha glavu kwa mkono mzima, kisha nikamwekea na ule mgonjwa, akabana. Maji yakachuruzika kidogo kwenye bakuli. Akabana tena. Akaanza kuisemesha ile glavu kama ng'ombe wake mkorofi, wodi nzima ikacheka, na yeye akacheka kuliko wote akanishika shingo. "Mwanangu huyu! Mwanangu huyu!"

Mama, nilijiona nimekua. Niliangaza nimtafute Devota aone.

Aliyekuwa mlangoni ni Shija, binti yake. Amebeba chupa ya uji. Nguo ile ile ya jana, analala chini ya kitanda cha mama yake tangu walipoletwa. Aliutazama mkono wa mama yake ulivyonishika shingo. Akaitua ile chupa kwenye kabati ikalia, akatoka.

Sikuhitaji mtu anifasirie.

Nilimfuata nikamkuta bombani anaosha kikombe kilichokwisha takata. Nikamwambia, "Shija, mimi ng'ombe nawajua kwa kuwaona tu, kukamua sijui. Mama anabana vibaya na siwezi kumwelekeza. Njoo." Akasema hana muda. Nikasema, "Bila wewe hatafika mbali." Na ilikuwa kweli, kwa sababu nilikuwa nimemwekea vidole kinyume. Akaja kwa kujivuta. Akaona, akaguna, akapiga magoti, akaushika mkono wa mama yake: gumba huku, Mama, ukishuka usivute. Maji yakatoka kwa mkupuo. Nikarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikajikuta nje ya wodi.

Wakaanza kucheka wawili, kwa Kisukuma chao. Unajua nilijisikiaje? Ningekudanganya nikisema nilifurahi. Nilikuwa na wivu. Ile glavu niliibuni mimi, na hakuna aliyegeuka kuona nimetoka.

Devota alikuwa amekaa kwenye benchi la nje. Alikuwa ameona yote. Akanisogezea nafasi.

"Bado unanichukia?" akaniuliza.

"Sikuchukii. Nakuonea wivu."

"Hata mimi," akasema.

Nikadhani ananifariji. Akatazama mikono yake. Akaniambia alilelewa na bibi, mama yake hamkumbuki hata sura. "Nikifika kwenu mama yako alikuwa anakaa wima, anajikaza kama amefikiwa na mgeni. Nikiaga, nikifika kwenye kizingiti cha ua, nilikuwa nageuka. Kila mara nilimkuta ameshakuegemea, macho ameyafumba, uzito wote kwako. Sijawahi kuegemewa hivyo na mtu, Kalunde. Nilikuwa nalia kwenye bodaboda."

Mimi sikujua kwamba alikuwa anageuka. Nilikuwa nimekuzoea begani kwangu hata sikuwa nakuhesabu.

Nikamwambia, "Sema tena."

Akarudia. Lote, tangu kizingiti mpaka macho kufumba, bila kuniuliza kwa nini. Ndiyo maana watu wanampenda. Nilimsikiliza kwa uchoyo, Mama, nimeuma meno, na nilitamani awe ameona zaidi, na papo hapo nikakasirika kwamba yeye ndiye aliyeona.

Usidhani wivu umeisha. Leo amenisifia mbele ya madaktari na bado nilitafuta kasoro kwenye sauti yake. Labda hautaisha, maana wewe hupo na yeye yupo, na ukimwacha Bi Zuhura, kati ya walio hai hakuna mwingine aliyekusikia ukisema neno zima baada ya kuanguka. Tukikaa kwenye lile benchi nakula habari zako kutoka kwake, naye anakula zako kutoka kwangu, na kila mmoja anaficha kidogo.

Mwakani, Mungu akinijalia, namaliza. Hiki ndicho ninachokuahidi. Kila nyumba nitakayoingia, kabla sijavuta kigoda kwa mgonjwa, nitauliza ni nani anayemwogesha. Huyo ndiye nitakayemsalimia kwanza, nimuulize jina lake, nimwite kwa hilo jina mbele ya mgonjwa mara nyingi kadiri nitakavyoweza.

Pumzika sasa, nisikuchoshe. Na kama huko uliko kuna binti mwingine anayekutunza, mwambie ahsante. Ila mimi usiniambie habari zake.

Mimi wako,
Kalunde