Chuma Chini ya Mama

Shuleni, 4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kikohozi kimeniacha. Magoti yako yanasemaje na hivyo vilima?

Nina swali lililonikaa kooni likizo nzima. Mdomo wangu unaujua, mbele za watu hufunga duka. Kwa nini kaburi la Mama limekaa mshazari, wakati ya Babu na Bibi yamenyooka? Shangazi hucheka eti fundi wa kupima mawe alishindwa kumpimia mkewe. Mimi sikucheka.

Mwanao

Kambini, 19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yananung'unika, ila hayajagoma.

Shangazi yako mwache acheke. Siku ile macho yalikuwa yamejaa, nikaiamini dira ya kazini inionyeshe kaburi lielekee wapi. Kumbe mshale ulikuwa unavutwa na chuma kilichomo ardhini. Zamani sana mawe yaliyoyeyuka kama uji yalipanda kutoka chini, yakaganda humo humo ardhini kabla ya kuona jua. Ndiyo graniti ya kilima chetu. Yalipopoa, yakatoa maji ya moto yenye chuma. Maji yakaingia kwenye mawe ya chokaa, yakayala, yakaacha chuma palepale graniti inapogusana na chokaa. Mama yako amelala hapo hapo mpakani.

Kampuni yetu ya kuchimba chuma inaufuata mpaka huo, shimo baada ya shimo, na inaelekea kwetu. La dira sijamwambia mtu. Nifanyeje?

Baba yako

Shuleni, 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Barua yako niliisomea chooni ili nilie bila kuulizwa. Mwalimu alitufundisha hayo kwa Kiingereza, nikapata alama zote wala sikusikia kitu. Kwa Kiswahili chako yameniuma.

Usiwaambie. Na wakifika wenyewe, waombe wanisubiri. Kama lazima Mama ahamishwe, nataka niwepo.

Mwanao

Nyumbani, 30 Mei

Mwanangu,

U hali gani? Mimi nipo tu.

Walifika na vipimo vyao, hawakuhitaji mdomo wangu. Wazee wa ukoo wakakubali. Niliomba wangoje mfunge shule, msimamizi akasema mashine haimsubiri mtoto. Nilishuka kaburini mwenyewe kumtoa Mama yako, sikumwachia mtu. Sasa yuko ng'ambo ya kijito.

Nisamehe.

Baba yako

Shuleni, 21 Juni

Baba,

Shikamoo. Sijambo. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila karatasi niliyoanza ililowa.

Sina hasira na wewe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulipomwinua, ulimwambia kwamba mimi nilikuwa darasani, sina habari? Asije akadhani niliitwa nikakataa.

Mwanao