Kuhusu Ng'ombe Uliowaomba

Ngarenaro, Jumapili, tarehe 3 Agosti 1913.
Asubuhi ukungu mzito, mlima haukuonekana hata mabega. Baridi. Kuni zimelowa umande.

Kwa ndugu yangu Loishiye, kituo cha reli, Moshi.

Nakusalimu kwa kuwa barua haiwezi kuanza bila salamu. Mimi ni mzima. Mama ni mzima, ila mguu wake wa kushoto huvimba siku anayofuata ng'ombe. Baba ni mzima. Nyumba imeezekwa upya upande wa magharibi. Wewe najua hujambo, maana mgonjwa hapati nguvu ya kuandika kurasa tatu za kujisifia koti na saa ya mfukoni. Uliandika kwamba mimi ni dada yako mkubwa na unaniamkia kwa heshima. Nimeipokea shikamoo yako. Marahaba nitakupa nikimaliza, kama itabaki.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilimsomea Baba mara moja, naye hakuniomba niirudie. Umeuliza mambo mawili. Kwanza, umeuliza kwa kicheko kama ni kweli timu ya Bwana Reinke imeshindwa msimu mzima, na kama siku hizi wanachezesha wanawake. Pili, umeomba ile mitamba Baba aliyokutengea tangu utahiriwe, kwa sababu umepata mchumba huko Uchagani. Maswali hayo mawili yana jibu moja, nalo ni refu. Kaa chini.

Umeandika kama mtu asiyeujua mchezo huu, basi nitakueleza kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Mtu mmoja hupiga mpira wa ngozi kwa gongo, uende mbali. Mwenzake hukimbia mpaka kwenye mlingoti, kisha hurudi mstarini. Akifika salama, timu yake imepata moja. Wale walio uwanjani wakiuokota mpira na kumtupia ukampata mwilini kabla hajafika, amekufa kimchezo. Ndiyo sababu Bwana Reinke alitoka shambani kwake akaja kwetu kutafuta watu. Aliwaona wachungaji wakitupa rungu na kumpata sungura anayekimbia, akasema kwao kwa Wadachi hapana mkono kama huo. Akachukua vijana kumi na wawili, akawalipa mshahara wa kila mwezi kwa kucheza tu, bila kushika jembe. Kisioki wa ng'ambo ya korongo akawa wa kwanza. Wewe ukawa wa pili.

Tena ulikuwepo wazee walipokwenda kumwuliza Bwana Reinke juu ya seng'enge aliyoizungusha kwenye njia ya ng'ombe ya kwenda mtoni. Wewe ndiwe uliyekuwa mkalimani siku hiyo, mimi sikuwepo. Uliporudi ulitusimulia kwamba amesema timu yake ikiwa ya kwanza kati ya mashamba manne, ataifungua njia. Mama alikukamulia maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe kwa habari hiyo. Kwa hiyo usiniambie hukujua vijana wale walikuwa wakikimbilia nini. Sisi sote tulijua, hata ndama, kama ndama wangeweza kujua, maana ndio waliokufa wa kwanza tulipoanza kuzunguka kwa njia ya Kisongo.

Sasa nikukumbushe siku moja ya mazoezi, mvua zilipokaribia. Mzee mmoja wa rika la Baba alikatiza uwanja akimtafuta mbuzi wake. Vijana wote wakasimama. Kisioki alikuwa na mpira mkononi, akaushusha, akainamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kama ilivyo desturi, akaenda kwa mwingine, na mwingine, mpaka akawamaliza wote. Bwana Reinke alipiga kelele mpaka shingo ikawa nyekundu. Wewe ulicheka, nami nilikuwa nimesimama na chaki yangu karibu na ubao wa kuandikia hesabu ya mchezo, kazi aliyonipa Bwana Reinke, nikakusikia ukisema, "Mzee mmoja angetushinda sote." Nilicheka pia. Nilidhani ni mzaha.

Ukahamia shamba la Bwana Tiedge, upande wa Kisongo. Hukukaa sana. Ulitoka pale na barua ya kukusifu kwa bwana wa reli, nasi tukasema Loishiye ana bahati.

Mchezo wa kwanza tulishindwa kwa ujinga wetu. Mpira ulipopigwa, vijana wetu wote waliukimbilia kama mbwa waliotupiwa mfupa. Hilo nalikubali. Mchezo wa pili ulikuwa na Bwana Tiedge. Vijana walikuwa wamejifunza, kila mtu akakaa mahali pake, na mpaka katikati tulikuwa mbele. Ndipo msimamizi wao Jamaldini, yule mtu wa Pangani mwenye maneno mengi, alipomtoa mkimbiaji wao na kumwingiza mzee wa Kisongo, mwenye mvi, shuka begani, fimbo mkononi. Watu walidhani ni kichekesho. Yule mzee hakukimbia hata kidogo. Alitembea kwenda mlingotini, akatembea kurudi, akiwagusa vijana wetu vichwa njiani, na mpira umelala mkononi mwa Kisioki kama yai.

Niliandika moja upande wao wa ubao. Baadaye nikaandika nyingine. Niliandika mpaka chaki ikanivunjikia.

Baada ya hapo mashamba yote yakaiga. Kufikia Julai kila timu ilikuwa na mzee wake. Mmoja alikuja na kigoda, akapumzika kwenye mlingoti, akanusa ugoro, akapiga chafya, kisha akarudi akapata moja. Wazungu walileta viti vya kukunja na wake zao, wakaja kwa ajili ya hicho tu. Jamaldini aliwatungia vijana wetu jina, akawaita Wainamaji, na watoto wa sokoni wakalishika. Kisioki alipokwenda kununua chumvi, walijipanga mlangoni mwa duka wakamwinamishia vichwa.

Usidhani vijana wetu hawakujaribu. Walikwenda kwa wazee wetu kuomba ruhusa, wakijieleza kwamba ni mpira tu, si jiwe wala rungu. Wazee walisema hakuna mtu anayeweza kumpa mwingine ruhusa ya kumtupia kitu baba yake, na kwamba aliyeanza kuwatumia wazee hivyo ni mtu aliyezaliwa na mzee, mtu wa kwetu anayeijua desturi ya ndani. Mgeni hangeijua. Hapo nilianza kukufikiria, Loishiye. Nilikataa kukufikiria kwa wiki nzima, nikaomba kanisani unitoke moyoni.

Sasa nakuja kwa Baba.

Siku chache kabla ya mchezo wa mwisho, Jamaldini alikuja bomani kwetu na blanketi jipya, jekundu. Alimwambia Baba kwamba mwanawe Loishiye amemsifu sana kwa Bwana Tiedge, kwamba katika ujana wake hakuna aliyemshinda mbio, na kwamba wanamwomba akimbie upande wao siku ya mwisho. Baba alifurahi, nami sitasahau jinsi alivyofurahi. Alilivaa blanketi, akapita kwa majirani akisema, "Mwanangu yuko mbali, lakini amenikumbuka." Aliijua ile ahadi ya njia, lakini tulikuwa tumekwisha kushindwa mara nyingi, naye alijua ahadi imekufa. Aliona hadhuru mtu. Nilimwambia vijana wataumia. Akanijibu kwamba wamekwisha kuumia, na kwamba yeye angalau atakimbia kweli, hatatembea na kigoda.

Asubuhi ya mchezo, Baba akiwa amekwisha kwenda Kisongo kuungana nao, Bwana Reinke aliwakusanya vijana wake. Alikuwa na hasira ya kuchekwa. Mimi nilikuwepo na ubao wangu, na Kidachi nilichofunzwa misheni kilinitosha. Alisema wamemtia aibu mbele ya wazungu wenzake, basi sasa hadai tena wawe wa kwanza, anataka washinde mara moja tu. Wakishinda leo, kesho atakata seng'enge. Wakishindwa, ataivunja timu na njia itabaki imefungwa. Hapakuwa na nafasi ya kumpelekea Baba habari hiyo.

Walicheza siku hiyo kama simba. Kisioki alimwua mkimbiaji mmoja kwa mpira kutoka mbali mpaka wazungu wakapiga makofi. Jua liliposhuka tulikuwa sawasawa, na zamu ya mwisho ilikuwa yao. Jamaldini akamwingiza Baba.

Baba alikimbia, Loishiye. Alikimbia vizuri, blanketi limefungwa kiunoni, akafika mlingotini, akageuka. Mpira ulikuwa kwa Kisioki, naye alikuwa amesimama njiani mwake, karibu kiasi ambacho hata mimi nisingemkosa. Kisioki akaushusha mkono, akainamisha kichwa. Baba akapunguza mwendo ili amguse, na ndipo Jamaldini alipocheka kutoka mstarini na kupaza sauti, "Pita tu, mzee! Mwanao alituambia hawatathubutu."

Mkono wa Baba ulikuwa bado juu ya kichwa cha Kisioki. Hakuuondoa. Alimwuliza Jamaldini ni mwana yupi. Jamaldini akajibu, bado anacheka, kwamba ni huyo huyo Loishiye, mwenye akili, na kwamba hila hii ya wazee aliwauzia yeye, nayo ndiyo iliyomfikisha kwenye reli. Baba akageuka akanitazama mimi. Nilikuwa sijawahi kusema mbele ya wanaume wengi hivyo. Nilimwambia kwa lugha ya nyumbani kwamba yeye akifika mstarini, njia ya ng'ombe imefungwa.

Akamwambia Kisioki, "Nipige." Kisioki akasema, "Baba, mkono haukubali." Machozi yalikuwa yakimtoka, mtu mzima, mbele ya watoto wa sokoni. Baba akauchukua mpira mkononi mwake, akajipiga nao kifuani kwa nguvu, mara moja, nikasikia mlio wake nikiwa pale kwenye ubao.

Hakuna aliyecheka. Kisha wazungu wakaanza kubishana. Bwana Tiedge alikuwa tayari kukubali, nadhani aliona haya. Aliyekataa ni Bwana Reinke mwenyewe, bwana wa timu yetu. Alisema sheria inataka mpira utupwe na adui, na hapana sheria inayosema mtu anaweza kujiua mwenyewe, na kwamba ni heri ashindwe kwa sheria kuliko ashinde kwa fujo za washenzi. Walimwambia Baba amalizie kukimbia. Alikataa. Wakasema basi, itahesabiwa kama amefika. Nikaamriwa niandike. Niliandika, Loishiye. Mkono wangu ndio ulioifunga njia, kwa chaki, ili usidhani nakulaumu wewe peke yako.

Baba alilifungua blanketi kiunoni, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye majani mbele ya Jamaldini. Akarudi nyumbani na vijana kwa njia ndefu ya kuzunguka shamba, kifua wazi, na baridi ile. Timu imevunjwa. Watatu wameshikwa kwa kazi ya barabara. Seng'enge iko palepale, na juzi imeongezwa mstari mmoja.

Sasa lile swali lako la pili.

Jumatano Baba aliita wazee watatu wa rika lake, akamwita na Kisioki. Alisema ana mitamba aliyomtengea mwanawe, na kwamba ameangalia uwanjani nani alikuwa mwanawe siku ile. Akamkabidhi Kisioki mitamba yako yote, yule mwenye doa jeupe pia, uliyempa jina ulipokuwa mdogo. Kisioki alikataa mara mbili. Wazee wakamwambia hukatai cha mzee, wewe hasa. Basi akawaswaga asubuhi ile kuwapeleka kwao ng'ambo ya korongo.

Na hili ndilo nililotaka ulisikie kwangu, si kwa watu wa Moshi. Jana jioni Kisioki na baba yake walirudi na ng'ombe, wamekuja kunitolea mahari. Niliwatazama wakiingia langoni nikamtambua yule mwenye doa jeupe mbele yao wote, anajua njia, hakuhitaji kuswagwa. Baba aliwapokea bila kucheka, lakini Mama alilazimika kuingia ndani ili acheke. Kwa hiyo mitamba yako ipo, ndugu yangu. Imelala zizini palepale ulipoiacha. Haikukosa hata siku nne. Ila si yako tena. Ni mahari yangu, nami nimekubali. Tutafunga ndoa kanisani akishabatizwa, na hukualikwa.

Nilimwuliza Baba nikuandikie neno gani kutoka kwake. Nilidhani atakulaani, nikaogopa, kwa kuwa pamoja na yote mimi ni dada yako. Alinusa ugoro mpaka ukaisha mkononi. Kisha akasema, "Mwambie sijamlaani. Akija, apite njia ya kuzunguka, pamoja na ng'ombe, akiwa na kiu. Akifika, ainamishe kichwa, tuone kama mkono wangu utakubali."

Mama anakusalimu. Hakuna mwingine aliyeniagiza salamu. Marahaba.

Ni mimi dada yako,
Nanyori.

Nimeisoma tena, sikubadili neno. Ng'ombe wamenyamaza. Nalala sasa, saa tano kasorobo.