Mpangilio Ulioutaja Kabla ya Data

Mama Jerop, rafiki yangu,

Tangu tukuzike, naiogopa kompyuta. Majibu ya wafiwa wote tuliowahoji yamo ndani, na kesho asubuhi Jerop, binti yako, aliyeshika kazi yako ya hesabu, atayapima.

Unaikumbuka desturi yetu: kabla ya kufungua data, kila mtafiti anataja matarajio yake mbele ya wenzake, chai ikiwa mezani. Niliposita ulinichapa kwa ulimi: "Sema sasa, Mzee. Nabii wa jana hana kazi." Wewe ukataja mpangilio: mfiwa anayetembelewa nyumbani atakuwa na hofu ndogo kuliko anayepigiwa simu, na wa simu ndogo kuliko aliyeachwa peke yake.

Wanafunzi bado hudhani takwimu hutoa ndiyo au hapana tu. Mimi huwaeleza kwamba njia yetu, ya mwanahisabati Bayes, ni kama mkulima wa Chepsaita anayetarajia mvua: kila wingu humwongezea imani, na kila siku ya jua kali humpunguzia. Data itatuonyesha mpangilio wako unaungwa mkono kiasi gani ukilinganishwa na mipangilio mingine. Huenda usiungwe mkono kabisa.

Hapo ndipo ninapotetemeka. Kwa neno lako, akina mama wa kanisa kule Kapsoya tayari wanawatembelea wafiwa. Walikuja kwangu pia, kwa ajili ya msiba wako. Waliimba, wakaomba, wakaenda. Nyumba ikawa tupu kuliko kabla hawajaja, nikaogopa hata mlio wa mabati. Kilichonituliza ni simu ya dada yangu kutoka Yamumbi. Najua, mtu mmoja ni ushahidi mdogo. Lakini ni ushahidi.

Jana mwenzetu mmoja wa idara aliniambia polepole, "Mzee, tuunganishe ziara na simu ziwe kundi moja, tuseme ndivyo alivyotarajia. Marehemu hatabisha." Alitaka kukulinda. Nilikataa, ila moyo wangu ulikuwa umeshakubali, na hilo ndilo linaloniogopesha zaidi. Jerop alisikia. Akasema tu, "Mama alitaja makundi matatu."

Basi ni matatu. Matarajio yako yatapimwa kama ulivyoyasema. Yakianguka, nitakwenda Kapsoya mwenyewe kuwaambia wale akina mama, na jina lako nitalitaja bila kuinamisha kichwa, maana ulithubutu kukosea mbele ya watu. Nitakwenda nikiogopa, lakini nitakwenda.

Lala salama, Mama Jerop.