Omitsu Asife Vitani

Shangazi Orie mpendwa,

Nimebanwa kotekote, nawe huwashauri watu gazetini, nisaidie kabla sijaharibu kitu ambacho sitaweza kukitengeneza tena. Mimi ni mchora manga, hadithi za katuni, hapa Tokyo, na tangu majira ya kuchipua nimekuwa na hadithi yangu ya kwanza katika jarida la kila wiki, inaitwa Jemadari Mwoga, ni ya zama zile za vita vya mabwana, mapanga na vichekesho, inamhusu jemadari anayeogopa farasi na mpishi wake Omitsu, mwanamke mfupi mwenye mdomo mkali ambaye huwatwanga maadui kwa mfuniko wa chungu cha wali, na kila wiki jemadari anashinda kwa sababu tu Omitsu yuko nyuma yake anamfokea. Huyo Omitsu, Shangazi, ni mama yangu. Mama alifariki mwaka juzi kwa ugonjwa wa moyo, na wala sikupanga kumchora, ila kalamu ilipogusa karatasi akatoka yeye, mikono kiunoni, na maneno yake yaleyale aliyokuwa akiwakaripia nayo wateja walioingia na viatu kwenye karakana ya baba, maana baba ni fundi wa mikeka ya tatami kule Takaoka.

Sasa hadithi imekatwa. Wasomaji hawakuipigia kura za kutosha, mhariri wangu Bwana Kageyama akaniita akaniambia zimebaki sura chache niifunge, na wala sikulia, nilisema ahsante, nikainamisha kichwa, nikapanda treni kwenda nyumbani kumwambia baba kwa mdomo wangu, nikijua ataguna tu na kuendelea kushona mikeka yake, kwa sababu baba si mtu wa manga. Nilifika Jumatatu asubuhi. Nikamkuta chumba cha nyuma amepiga magoti mbele ya madhabahu ya nyumbani yenye picha ya mama, miwani usoni, jarida mkononi, anasoma kwa sauti.

“‘Wewe na mapanga yako mawili, hata figili huwezi kukata! Vua viatu, nimepiga deki!’” Akacheka mpaka akapaliwa, kisha akaiambia ile picha, “Umesikia, Kinuyo? Leo umemvurumishia mfuniko bwana mzima wa ngome, katumbukia kwenye pipa la mboga za chumvi.”

Nilisimama mlangoni kama mwizi. Aliponiona hakuona haya hata kidogo.

“Ah, Wakana, afadhali umekuja. Hebu tuambie, wiki ijayo mama yako atafanya nini? Maana wale wa ngome ya mashariki wanakuja na bunduki. Na huyu jemadari naye, mjinga wa kutupwa, hii pua ameitoa wapi?”

“Ni pua tu, Baba,” nikasema, nikijitahidi nisiitazame yake.

“Maskini mke wake.”

Shangazi, sikumwambia. Nikanywa chai, nikadanganya kwamba nilikuwa napita tu, nikarudi Tokyo. Na huku Bwana Kageyama anataka Omitsu afe, achomwe mkuki afie mikononi mwa jemadari, anasema msomaji akilia atakumbuka jina langu na itakuwa rahisi kunipatia hadithi nyingine, naye si mtu mbaya, ananitakia mema. Mimi nimefikia kuwaza hivi: nimwachie kifo chake jaridani, na baba nimchoree sura zake peke yake kwa siri, nimtumie kila wiki kwa posta kama kwamba hadithi inaendelea, na mwenye duka pale kona anayemwekea jarida nimwombe afunge mdomo. Baba ameshamzika mama mara moja. Niwe mimi wa kumzikisha tena?

Binti wa fundi mikeka, Tokyo

*

Binti wa fundi,

Pole, mwanangu. Nimeisoma barua yako nikacheka, kisha nikatafuta leso. Lakini sasa kaa vizuri, maana nakuja na mfuniko.

Baba yako unamfanya yai. Mikono yake ndiyo iliyookota kwa vijiti mifupa ya mkewe baada ya kuchomwa, kama desturi yetu, na kuitia chunguni. Mtu aliyefanya hivyo unamficha kifo gani? Anajua vizuri mama yako hayupo. Anapoisomea picha hajachanganyikiwa, anaongea na mkewe, nami nawajua wengi wanaofanya hivyo bila hata jarida. Wewe ndiye unayeogopa. Huo uongo wako haumlindi yeye, unakuepusha wewe na sentensi moja ngumu, na kwa ajili hiyo uko tayari kuchora mpaka uzeeke na kumfanya mwenye duka mshirika wako. Siku atakapogundua, na mji ule maneno hayakai, atapoteza Omitsu na atapoteza imani kwako pia.

Kuhusu mhariri, mheshimu, lakini mwambie hapana. Yeye anajua biashara, Omitsu unamjua wewe. Usiende kwake na ubishi, ubishi utashindwa. Nenda na sura iliyochorwa tayari, nzuri kuliko kifo anachokitaka, uiweke mezani unyamaze.

Na kabla hujaichora, panda treni. Usipige simu. Kula naye kwanza, kisha mwambie waziwazi kwamba hadithi inakwisha, usianze kuzungukazunguka. Halafu muulize yeye Omitsu aishieje. Ameishi na mwanamke huyo kuliko wewe, ana haki ya kusema neno.

Shangazi Orie

*

Wasomaji, jibu hilo nililituma kwa posta, halikuweza kungoja zamu yake gazetini. Binti ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake naiweka barua yake hapa:

“Nilimwambia, Shangazi. Baba alivua miwani, akaiweka juu ya jarida. Nilipomuuliza Omitsu aishieje, akasema, ‘Asife vitani. Mama yako hakuwahi kumaliza ugomvi hata mmoja. Mwache katikati ya maneno.’ Ndivyo nilivyochora. Vita vimekwisha, jemadari anaondoka kwa miguu, na Omitsu yuko nyuma yake njia nzima anamsema, mpaka ukurasa unakwisha naye hajafunga mdomo. Bwana Kageyama alisoma, akaguna, akacheka, akaguna tena, akapitisha.

“Lakini hilo silo lililonifanya niandike. Siku ile, baada ya kusema yake kuhusu Omitsu, baba alinigeukia akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona.

“‘Kwa hiyo wamekukatia kazi yako,’ akasema. ‘Kazi uliyoitaka tangu utotoni.’

“‘Ndiyo, Baba.’

“‘Na siku ile ulipokuja ulikuwa unajua. Ukakaa hapa unanisikiliza nacheka.’

“‘Ndiyo.’

“‘Wewe mtoto wewe. Sasa wewe nani amekupa pole?’

“Hapo ndipo nililia, kwa mara ya kwanza tangu niitwe ofisini. Baba hajui kubembeleza. Alijikokota tu juu ya mkeka mpaka akafika ubavuni kwangu, tukakaa bega kwa bega, wala hakuondoka.”