Tochi Mbili za Ng'ambo

Jumanne usiku.

Goti linaniuma kwa ajili ya wajane wenzangu wa ng'ambo ya bonde. Tunalala peke yetu, hivyo tulikubaliana: kila magharibi tochi imulike mara moja, mzima; mara mbili, mgonjwa. Leo Zaina na jirani yake Mama Hoza wamemulika wakifuatana. Nikahesabu mbili, nikakimbia na uji, nikaanguka.

Namkuta Zaina anatafuna makande.

"Nani kakwambia nakufa, dada?"

"Tochi zenu, wapuuzi nyie!"

Nikaamuru: Zaina afunike yake kitambaa chekundu, Mama Hoza abaki na nyeupe. Nikifika nyumbani, wamulike tena.

Nyekundu imeshawaka, mara moja. Nyeupe bado.

Washa basi, Mama Hoza. Viatu sijavua.