Bawaba za Mlango wa Kanisa

Lalago, Maswa

Mke wangu Mama Tumaini,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Kikohozi cha Tumaini kimepoa? Mimi ni mzima kwa kiasi cha kushika kalamu, na nataka uyasikie haya kwangu kabla watu wa Songea hawajayatia chumvi.

Unajua nililetwa huku kutengeneza mlango wa kanisa la zamani. Kamati ilitaka vyuma vya dukani vinavyong'aa. Nikakataa katakata. Bawaba zile zilifuliwa kwa mkono, hata misumari yake, na chuma cha namna hiyo hukichomelei wala hukipaki rangi. Unakitoa kutu, unakinyoosha motoni, unakipaka mafuta. Basi alfajiri nikazing'oa, nikazitia kwenye gunia na kupanda baiskeli kwenda kwa mhunzi wa Sola.

Mama Kabula, anayefagia kanisa, akakuta mlango umeegeshwa ukutani, hauna chuma. Akapiga mwano. Huku ukelele huo ukisikika hakuna anayeuliza. Wanaume wanaacha pamba shambani wanakuja na fimbo. Walinikuta njiani.

"Ng'wibi huyu, mwizi! Vyuma vya kanisa hivi."

Nilisema mimi ni fundi, wakanipiga mdomoni. Meno mawili yalibaki pale. Masanja, jirani wa kanisa, alichomoa bawaba kwenye gunia akanipiga nayo mkono wa kushoto mpaka ukavunjika, na bawaba yenyewe ikapinda. Wengine walikuwa wanakusanya nyasi za kunichomea. Mama Kabula akafika anahema, akanitambua, akanilalia.

"Mwacheni. Ndiye fundi mwenyewe."

Mkono umefungwa hogo la plasta. Wazee wa sungusungu wamemhukumu Masanja anisaidie kazi mpaka mlango usimame. Kila asubuhi anakuja: "Mwangaluka, fundi. Leo nishike wapi?" Anashika koleo, mimi napiga nyundo. Tunanyoosha bawaba ile ile, na vidole vyake viko karibu na chuma. Hasira zangu unazijua. Namchukia, mke wangu. Naye anajua, maana haangalii chuma, ananiangalia usoni.

Nisalimie baba mkwe, na dada yangu anayekusaidia shamba. Mama usimwambie habari ya meno. Watoto wabusu. Ukisali, uombee mkono wangu wa kulia kuliko huu uliovunjika.

Ni mimi mumeo, ambaye hadi jioni hii hajampiga.